Soketi ya Nyuma ya Gari: Waya Utoke Wapi?

SWALI: Nina Toyota Noah. Nataka soketi ya volti 12 kwenye buti kwa ajili ya friji ndogo. Je, naweza kuunga kwenye waya wa taa za nyuma?

JIBU: Hapana. Friji ya wati 60 huvuta ampea 5, na zaidi inapoanza kuwaka. Waya wa taa ni mwembamba. Ukizidiwa hupata moto, ganda huyeyuka na gari linaweza kuungua.

Kwanza fungua ncha hasi ya betri. Kisha vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka ncha chanya, na ufunge fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa nyuma, waya wote wa mbele yake hauna ulinzi. Pitisha waya mbali na bomba la moshi, na kila tundu la bodi livishe mpira. Waya hasi ufunge kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi.

Ongeza relei inayowashwa na ufunguo, la sivyo friji itamaliza betri usiku. Tafadhali, usiwashe chochote kabla fyuzi haijawekwa.