VYOMBO VYA MTI JIKONI: ADUI NI UNYEVU

Je, mwiko unaosongea ugali nyumbani kwako ni salama? Wakazi wengi wa mijini wameambiwa watupe vyombo vya mti na kununua vya plastiki, eti mti huficha vijidudu. Ukweli ni kwamba mti uliotunzwa vizuri hauna hatia.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, uliotolewa mwaka 1994, ulionyesha kwamba vijidudu vilivyowekwa juu ya kibao cha mti hufyonzwa ndani, na kibao kikikauka vingi hufa. Kibao cha plastiki kikiwa kipya husafishika upesi, lakini kikishachanjwa na kisu, vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo. Jambo kubwa hapa ni kukauka.

Chukua mfano wa Werugha, katika milima ya Taita. Huko ni baridi na ukungu ni mwingi, kwa hiyo mti hukauka polepole. Mwiko wa kupondea kimanga, kile chakula cha mihogo na maharagwe, ukichongwa mti ungali mbichi kisha ukateremshwa Voi kwenye joto, maji hutoka upesi mno na mwiko hupasuka. Ufa huo ndio makao ya mabaki ya chakula na ya vijidudu viletavyo kuhara, ugonjwa ambao ni hatari zaidi kwa watoto wadogo, wazee na waja wazito.

Ukichonga au kununua

1. Chagua mti mgumu usio na matundu makubwa. Mwembe na mfenesi hufaa.

2. Usichonge mti usioujua. Msunguti ndio mti ambao wawindaji wa nyika ya Tsavo waliuchemsha kupata sumu ya mishale, sumu inayosimamisha moyo. Utomvu wa mnyaa nao huunguza ngozi na macho.

3. Usitumie mabaki ya nguzo za umeme wala mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina sumu kali.

4. Ukishachonga, anika kivulini, mahali penye hewa, kwa wiki kadhaa. Kisha piga msasa hadi uwe laini.

Utunzaji wa kila siku

Osha chombo mara tu baada ya kutumia, kwa maji moto na sabuni. Usikiloweke usiku kucha ndani ya sufuria. Kipanguse, kisha kisimamishe ili hewa ipite pande zote. Mwiko uliolazwa ukiwa na maji huota ukungu. Kinu nacho kilaze ubavu kikauke ndani.

Kila baada ya muda, paka mafuta ya nazi kidogo chombo kikiwa kikavu kabisa. Mafuta huzuia maji kuingia na nyufa kutokea.

Tenga vibao viwili: kimoja cha nyama, kuku na samaki wabichi, kingine cha mboga na matunda. Kuku atapikwa na vijidudu vyake vitakufa, lakini kachumbari iliyokatwa kwenye kibao hicho hicho haipiti motoni. Kibao cha nyama kikishaoshwa, kimwagie maji yanayochemka, au maji lita 4 yaliyochanganywa na kijiko kimoja kikubwa cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato. Acha kwa dakika chache, kisha suuza na ukaushe.

Wakati wa kutupa

Leo jioni, chukua mwiko wako uuangalie mwangani. Ukiwa na mikwaruzo tu, piga msasa, osha na uendelee kuutumia. Ukiwa na ufa mrefu, madoa meusi ya ukungu yasiyotoka au harufu ya kuoza, utie motoni uwe kuni. Bei ya mwiko mpya ni ndogo kuliko gharama ya kumtibu mtoto anayehara.