Bajeti ya Kaunti: Kwa Nini Ukija Aprili Umechelewa

Tuseme wewe ni mama karanga, una meza yako ya samaki wa kukaanga pale Mkunguni, Msambweni. Ni Aprili, masika yameanza, bahari imechafuka na samaki ni wa kutafuta. Gari la matangazo linapita: kuna mkutano wa bajeti ya kaunti. Unafunga meza, unapoteza mauzo ya asubuhi nzima, unaenda. Zamu yako ikifika unasimama na kusema, "Sisi twaomba banda lenye paa na mahali pa kuweka barafu. Mvua ikinyesha twamwaga samaki." Afisa anaandika. "Sawa mama, tumelipokea." Julai inaingia, mwaka mpya wa fedha unaanza, na banda halimo. Mwaka unaofuata ukiitwa unasema: mimi siendi tena, ile ni michezo tu.

Wateja wengi wamefika hapo. Na ukweli ni kwamba ombi halikuwa na kasoro. Lililokosewa ni mwezi.

Bajeti ya kaunti haipikwi Aprili. Aprili inapakuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe, na zinafanana kwa kaunti zote 47. Kufikia Agosti 30, idara ya fedha huwa imetoa waraka unaoziambia idara nyingine zianze kuandaa mahitaji yao. Kufikia Septemba 1, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unatakiwa uwe umewasilishwa kwenye bunge la kaunti. Huo ndio unaosema ni miradi gani itatafutiwa pesa mwaka ujao. Angalia vizuri: mpango wa mwaka unaoanza Julai unaandikwa karibu miezi kumi kabla. Banda lako kama halikutajwa humo, Aprili yake litakuwa linasukumwa kupanda gari lililokwishajaa.

Kisha inakuja hatua ambayo watu wengi hawaijui kabisa, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote. Kufikia Februari 28, kaunti huwasilisha waraka wa sera za fedha. Jina lake linachosha, lakini ndani yake kuna vikomo: afya itatumia hadi kiasi hiki, kilimo na uvuvi hadi hapa, barabara hadi pale, maji hadi pale. Bunge la kaunti likishapitisha vikomo hivyo, mlango umefungwa kwa kiasi kikubwa. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema bunge likija kubadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kuongezwa wala kupunguzwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Fanya hesabu. Idara yenye kikomo cha shilingi milioni 300 inaweza kuongezewa milioni 3 pekee, na hizo zinagombaniwa na wadi zote 20 za Kwale, kuanzia Vanga mpaka Mackinnon Road. Makadirio yenyewe yanafika bungeni kufikia Aprili 30, na kufikia Juni 30 yawe yamepitishwa. Kwa hiyo yule afisa aliyekuitikia kwa adabu huenda hakuwa anakudanganya. Hakuwa na nafasi ya kukusaidia, na ilikuwa vyema akuambie hivyo palepale.

Sasa, pesa zenyewe ni ngapi? Bilioni ni neno linalotupotezea akili, kwa hiyo tuzipunguze mpaka zitoshe kwenye simu yako.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kwale kutoka hazina ya taifa ulikuwa kama shilingi bilioni 8.27. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale. Ukigawa, kila mtu, kuanzia mtoto aliyezaliwa jana hadi bibi wa miaka tisini, anapata kama shilingi 9,500 kwa mwaka. Kwa siku ni shilingi 26. Mahamri mawili na chenji kidogo.

Kwenye hizo 26, kanuni zinaruhusu mishahara na marupurupu ya wafanyakazi wa kaunti yasipite asilimia 35 ya mapato, yaani kama shilingi 9. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, tukiangalia miaka kadhaa pamoja, iende kwenye maendeleo: karibu shilingi 8. Zilizobaki zinanunua dawa za zahanati, mafuta ya ambulansi, umeme wa ofisi, safari za maafisa na mengineyo. Ni hesabu ya haraka, kwa sababu kaunti pia hupata ruzuku na hukusanya ushuru wake. Lakini inakuonyesha kitu: banda la Mkunguni, kisima cha Kinango, chekechea ya Lunga Lunga na barabara ya ndani ya Ukunda, vyote vinatoka kwenye zile shilingi 8. Ukiomba kitu, kuna mwenzako mahali fulani amekosa. Huko Kinango mtu anaweza kukuuliza, na ana haki: barafu na maji ya kunywa, kipi kitangulie?

Wengine hupoteza nafasi yao ya kuzungumza kwa kuomba kaunti kisicho cha kaunti. Barabara kuu ya kutoka Likoni kupitia Ukunda hadi Lunga Lunga ni ya serikali ya taifa. Polisi vilevile. Shule ya msingi na sekondari ni ya taifa; chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Afya, masoko, leseni za biashara, maji, kilimo na uvuvi viko kwa kaunti. Kwa hiyo banda la samaki ni lao, hilo usikubali kurushwa huku na huku.

Mpaka huu si wa karatasi tu. Kwale inajulikana nchini kwa mpango wake wa basari, Elimu ni Sasa, uliopeleka watoto wengi wa hapa sekondari na vyuoni. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, ile ofisi ya kikatiba inayoidhinisha kila pesa inayotoka kwenye akaunti za kaunti, alitoa waraka kwamba kaunti zisilipie elimu ambayo ni kazi ya taifa bila makubaliano rasmi na serikali ya taifa. Jambo likafika mahakamani. Wazazi waliokuwa hawajawahi kusikia habari ya Jedwali la Nne la Katiba wakajifunza kwa lazima, karo ikiwa inasubiri. Mtu anaweza kuipenda basari (sisi twaipenda) na bado akauliza ni banda gani au zahanati gani ilisubiri ili ilipwe. Kuuliza hivyo si uadui.

Na ile pesa unayolipa wewe? Hapa tunaingia kwenye shamba letu wenyewe, kwa hiyo tuvumilie kidogo. Katiba inasema mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti. Ushuru wa soko uliolipa leo Msambweni unaingia chungu kimoja na leseni ya hoteli ya Diani. Haurudi sokoni kwako moja kwa moja. Hospitali za umma zina utaratibu wao: sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya inaziruhusu zibaki na pesa zinazokusanya. Soko halina bahati hiyo.

Lakini ushuru unaolipwa kwa simu kwenye nambari rasmi ya kaunti unaacha alama. Ujumbe wa kuthibitisha una tarehe, kiasi na nambari ya muamala. Noti iliyopewa mtu asiyetoa risiti haina chochote. Hata ikifika mahali pake, wewe huna cha kuonyesha. Usizifute zile jumbe. Wauza samaki ishirini wakijumlisha walicholipa mwaka mzima wanapata namba, na namba hiyo ina nguvu mkutanoni kuliko malalamiko ya saa nzima. "Sisi wa Mkunguni tumelipa kaunti kiasi hiki kwa miezi kumi na miwili" ni sentensi inayomfanya afisa ainue kichwa. Na kabla ya kutuma, hakikisha nambari ya kulipia ni ile iliyobandikwa kwenye ofisi ya kaunti, maana matapeli nao wanajua siku ya ushuru.

Kuna fundisho jingine liko karibu sana, Gazi. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja. Wanatunza mikoko, wanauza hewa ya ukaa, na mapato yanaingia kwenye mfuko wa jamii. Matumizi yanajadiliwa vijijini kwanza: maji, vitabu vya shule, vifaa vya shule. Ukilinganisha na bilioni za kaunti, pesa hizo ni tone. Lakini ukikaa na watu waliozoea kupanga mfuko mdogo hivyo, unaona hawaombi hovyo. Wanajua bei ya tangi na bei ya bomba, na wanajua kwamba tangi likinunuliwa madawati yatasubiri. Mji wa Porto Alegre, Brazili, ulianza kuwapangisha wananchi bajeti mwaka 1989 ukasifiwa dunia nzima. Wa Gazi nao wana ya kusema.

Kwa nini haraka? Kwa sababu hesabu za Kwale zinabadilika. Uchimbaji wa titani wa Base Titanium ulikoma mwishoni mwa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii ya eneo asilimia 10. Machimbo yakifungwa, mrabaha nao unakauka, na pamoja nao ajira na wanunuzi wa samaki wako siku ya mshahara. Kila idara itataka kulinda fungu lake, na asiyekuwepo mezani ndiye wa kwanza kukatwa.

Turudi basi Mkunguni, tuanze upya. Safari hii unaanza Julai. Mnakaa wauza samaki wenyewe kwanza, mnakubaliana kitu kimoja, msiende na saba. Mnamuuliza fundi bei ya paa na sakafu, na bei ya jokofu kubwa. Mnaandika barua ya ukurasa mmoja: tunataka nini, wapi, kiwanja ni cha nani, kitagharimu kiasi gani, kitahudumia watu wangapi, na tumelipa ushuru kiasi gani. Hilo la kiwanja msiliruke. Mradi mzuri ukikwama kwenye mzozo wa ardhi, pesa zinarudi au zinahamishwa. Barua iwe kwa Kiswahili kama ndicho mnachokimudu. Ni lugha rasmi ya Kenya, hakuna wa kuikataa kwa sababu hiyo. Mnaipeleka kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wenu wa bunge la kaunti kabla Agosti haijaisha. Mpango ukitoka Septemba, mnauomba muone kama mmo. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi la taarifa, chini ya sheria ya 2016. Januari na Februari mnafuata kikomo cha idara ya uvuvi. Aprili mnakwenda mkutanoni kuhakikisha tu kwamba hamjaondolewa.

Kuingia kwenye bajeti bado si kujengwa. Pesa za taifa huchelewa, kandarasi huchelewa, na bajeti ya nyongeza katikati ya mwaka inaweza kuwahamisha kimyakimya. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuonyesha kila kaunti ilipanga nini na imetumia nini. Tafuta ukurasa wa Kwale.

Na ile barua, itoe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine rudi nayo nyumbani ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe juu yake.