JIWE LAINI LA RANGI YA WARIDI: LIJARIBU KABLA YA KULINUNUA

Eastleigh, mtaa wa Nairobi, ni soko linalopokea bidhaa kutoka nchi nyingi. Mkazi wa huko akiletewa jiwe la rangi ya waridi na kuambiwa kwamba ni kito cha thamani, yafaa alijaribu kwanza kabla ya kutoa fedha yake.

Miongoni mwa mawe ya rangi hiyo yako madini yaitwayo bieberaiti. Jina hilo lilitolewa mwaka 1845 kwa kufuata kijiji cha Bieber, Ujerumani. Nayo si kito, bali ni chumvi iliyofanyika kwa kobalti, salfa, oksijeni na maji.

Alama zake ni tatu:

1. Ukucha hulikwaruza. Katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, ambamo almasi ni 10, bieberaiti ni 2 tu. Kwatzi ya waridi ni 7, nayo hukwaruza kioo.

2. Huyeyuka majini. Chembe ndogo ikitiwa katika chupa ya maji isiyotumika tena kwa chakula, maji hugeuka rangi ya waridi. Yako madini mengine ya kobalti, yaitwayo erithraiti, ambayo hufanana nayo lakini hayayeyuki majini. Hayo yana aseniki, ambayo ni sumu.

3. Hupoteza maji yake. Likiachwa katika hewa kavu, jiwe hufifia, kisha huwa unga.

Jiwe kama hili lisionjwe kamwe, wala watoto wasilichezee, na aliyelishika anawe mikono. Mwaka 1965 na 1966, huko Quebec, Kanada, chumvi ya kobalti ilitiwa katika bia ili povu lidumu. Wanywaji 48 waliokunywa bia nyingi waliugua moyo, na 20 kati yao walikufa.

Chumvi za namna hii huzaliwaje? Madini yenye kobalti na salfa yakipatwa na hewa na mvua, hutoa tindikali, nayo huyeyusha metali. Maji yakikauka wakati wa kiangazi, chumvi hubaki juu ya mwamba kama ukoko.

Mfano wa kazi hiyo ya mvua uko Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Ruwenzori, uliacha lundo kubwa la pairiti yenye kobalti mjini Kasese. Pairiti ni madini ya chuma na salfa, yang'aayo kama dhahabu. Mvua ilipolipiga lundo hilo miaka mingi, maji yenye tindikali na metali yalitiririka hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth, yakakausha majani. Ni mwaka 1999 ndipo kiwanda kilipoanza kutoa kobalti katika lundo hilo.

Kobalti yenyewe ina thamani, maana hutumika katika betri. Lakini thamani hiyo hupatikana kiwandani, kwa tani nyingi. Kipande kimoja mkononi hakimtajirishi mtu, na unga wake waweza kumdhuru. Basi mnunuzi mwenye busara hutumia ukucha wake kabla ya mfuko wake.