Boliti Ndogo Haitaki Nguvu Zako Zote



Safari hii tuweke vitabu pembeni, tushike spana. Kwenye parokia niliyotumwa kwa mwaka wa uchungaji, huku Singida vijijini, pikipiki ndiyo miguu ya vigango. Ndiyo inayompeleka katekista kwenye ibada, na ndiyo inayowalisha wengi wenu mnaoendesha bodaboda. Wengi tunabadilisha oili na kukaza mnyororo wenyewe nyumbani, na hilo ni jema. Ila kuna imani moja nataka kuibishia: kwamba boliti iliyokazwa vizuri ni ile iliyokazwa mpaka haiendi tena.

Kwaresima iliyopita katekista mmoja alifika parokiani akisukuma pikipiki. Kijana wake alikuwa amembadilishia oili, akaikaza boliti ya kumwagia kwa nguvu zake zote, tena kwa nia njema kabisa. Nyuzi za ndani zikaliwa, oili ikavuja njiani tone kwa tone. Bahati aliiona mapema, injini haijanoki. Hata hivyo, kuchonga nyuzi mpya kulisubiri hela, na kigango kikasali Jumapili mbili bila yeye.

Tatizo ni nini? Boliti ni kama springi. Ukiikaza inavutika kidogo sana, macho hayaoni, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Ukiiacha legelege, barabara zetu za vumbi zenye rasta zinaitikisa mpaka inajifungua yenyewe. Ukizidisha, inavutika kupita uwezo wake na hairudi tena, au inararua nyuzi ilimoingia. Na kwenye injini boliti ni ya chuma, bodi ni ya alumini. Wakigombana hao wawili, anayeshindwa ni alumini.

Sasa kiasi ni kipi? Boliti ya unene wa milimita 6, ile ya spana namba 10 (nyingine namba 8) inayoshika vifuniko vya injini, kwa kawaida inataka nyutoni-mita 10 hivi. Ya milimita 8 inataka kama 22. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Usiogope hizo nyutoni. Chukua kidumu cha lita 5, kama vile vya mafuta ya alizeti vinavyopangwa kando ya barabara hapa kwetu, ujaze maji. Uzito wake, ukining'inia kwenye mpini uliolala sawasawa, sentimita 20 kutoka kwenye boliti, ndiyo hizo 10. Jaribuni kwenye boliti ya chuma kikuukuu, mkono ujifunze. Wengi mtashangaa: ni kidogo hivyo?

Kabla ya spana, vidole. Futa vumbi kwenye nyuzi, halafu izungushe boliti kinyumenyume polepole mpaka uisikie inadondoka kidogo mahali pake, ndipo uanze kukaza kwa vidole. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, itoe. Imeingia upande, na spana itamalizia uharibifu. Kifuniko chenye boliti nyingi, kaza kwa kuvukanisha, hii kisha ile ya upande wa pili, kidogo kidogo, raundi mbili au tatu. Shika spana karibu na kichwa chake ili mkono usipate nguvu ya ziada. Na usipake grisi ovyo: nyuzi zikiteleza, mkono uleule unavuta boliti zaidi ya ulivyokusudia.

Zile skrubu mbili za kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani huharibiwa na bisibisi ndogo. Tafuta inayojaa, ikandamize kweli, ndipo uzungushe. Plagi mpya yenye washa, ifikishe mwisho kwa vidole, kisha ongeza nusu mzunguko basi.

Lakini jamani, msiupeleke upole huu kwenye nati ya ekseli! Hiyo ni kubwa, imeshika gurudumu na roho ya abiria, inataka nguvu haswa, na kama ina tundu la pini, pini irudi. Aristotle alishaliona hili: kiasi cha kati si kugawa kwa mbili, maana chakula kilicho kidogo kwa Milo mcheza mieleka ni kingi kwa anayeanza mazoezi. Kila boliti ina kati yake.

Ukimaliza, omba dada yako rangi ya kucha, uchore mstari mmoja unaopita juu ya kichwa cha boliti mpaka kwenye bodi. Baada ya safari mbili tatu chuchumaa uangalie. Mstari ukikatika, hapo boliti imezunguka. Yule katekista sasa anaikagua yake kila Jumamosi jioni, rangi nyekundu.