Mnanaa na Mnanaha: Herufi Moja, Mimea Miwili



Someni majina haya kwa sauti: mnanaa, mnanaha. Yanatofautiana kwa herufi moja tu, h. Mnanaa ndio tunaotia majani yake kwenye chai. Mnanaha una sumu. Wiki hii tujifunze kuitofautisha, kwa ulimi na kwa macho.

Tuutambueje?

Mnanaha huota wenyewe jalalani, karibu na mazizi na kwenye ardhi iliyolimwa. Afrika Mashariki upo, na hapa Minnesota upo pia. Majani yake ni mapana, yana kingo zenye meno, na yana harufu mbaya. Ua ni jeupe au la zambarau, refu kama tarumbeta, na hufunguka jioni. Tunda lina miiba pande zote. Likikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyingi ndogo.

Mmea huu ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na mnavu. Ukiwa mchanga, kabla ya ua na tunda, mtu anaweza kuuchuma akidhani ni mboga. Ndugu zake wenye maua makubwa huuzwa hapa kama mapambo ya bustani, nao pia wana sumu.

Je, si dawa?

Wazee walivuta moshi wa majani yake makavu kutuliza pumu, na wapo waliopata nafuu kweli. Hata Ulaya na Marekani, zamani sigara za majani haya ziliuzwa kwa wenye pumu. Sababu ni kwamba mmea una atropini na skopolamini, na atropini hulegeza misuli ya njia za hewa.

Sisi wauguzi tunaijua atropini hadi leo: hospitalini hutumika kuharakisha moyo unaopiga polepole mno, na kupanua mboni ya jicho. Ipratropiumu, dawa ya kuvuta kwa mdomo wanayopewa baadhi ya wenye shida ya kupumua, imetokana nayo.

Basi tofauti ni nini? Ni kipimo. Kichupa cha dawa kimeandikwa miligramu. Jani halikuandikwa kitu. Mmea mmoja unaweza kuwa na sumu nyingi kuliko ule ulioota kando yake.

Kupika nako hakusaidii. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, watu zaidi ya 200 waliugua na 5 walifariki baada ya kula uji wa unga wa msaada. Unga ule ulikutwa na sumu hizi, na chanzo kilidhaniwa kuwa mbegu za mnanaha zilizovunwa pamoja na mazao.

Dalili

Mdomo mkavu, ngozi nyekundu yenye joto, mboni kubwa, moyo kwenda mbio, mkojo kuziba, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyopo.

La kufanya

1. Akizimia, akipata degedege au akishindwa kupumua, piga 911.
2. Kama yuko macho na anapumua vizuri, piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222. Ni bure, saa 24. Omba mkalimani ukihitaji. Usingoje dalili.
3. Usimtapishe, wala usimpe dawa nyingine ya nyumbani.
4. Piga picha ya mmea, au beba kipande chake ndani ya mfuko.

Kwa wazazi

Dawa nyingi hutufikia kutoka nyumbani zikiwa zimesagwa. Unga hauna ua wala miiba, kwa hiyo hata anayeujua mmea vizuri hawezi kuutambua. Usimpe mtoto unga usioujua. Na kama wewe mwenyewe unatumia dawa ya mitishamba, mwambie daktari au muuguzi wako: baadhi ya dawa za hospitali hazipatani nayo.

Zoezi la nyumbani

1. Tamka mnanaa na mnanaha mara tano, mzazi akisikiliza ile h.
2. Chora ua na tunda la mnanaha. Andika sehemu zake: jani, ua, tunda, mwiba, mbegu.
3. Mpigie simu bibi au babu umuulize: kwao mmea huu unaitwaje? Majina hubadilika toka mahali hadi mahali. Leta jibu darasani, tuyaandike yote ubaoni.
4. Kamilisha: Nikiona tunda nisilolijua, sitali____, nitamwi____ mtu mzima.