SOMO: UKAGUZI NA UTUNZAJI WA VIWANJA VYA KRIKETI

Viongozi wa michezo, walimu na watunza viwanja wanakumbushwa kuwa mpira wa kriketi ni mgumu na una uzito wa gramu 156 hadi 163. Ukidunda vibaya humjeruhi mpigaji. Kwa hiyo, kiwanja hukaguliwa kwanza kwa ajili ya usalama.

Pichi, yaani ukanda wa katikati unaorushiwa mpira, ina urefu wa mita 20.12 na upana wa mita 3.05. Udongo wake hutakiwa kuwa na mfinyanzi wa robo au zaidi ili ushikamane unapokauka. Kerege, kama sehemu kubwa ya mwambao wa Bagamoyo, ina ardhi ya kichanga isiyoshikamana. Mahali kama hapo hapana budi kuleta mfinyanzi, au kujenga sakafu ya zege na kutandika mkeka wa makumbi, njia iliyozoeleka zamani Afrika Mashariki.

Kabla ya mchezo, mkaguzi afanye yafuatayo:

(a) Aangushe mpira kutoka kimo kimoja mahali mbalimbali pa pichi na kupima unavyodunda. Vimo vikitofautiana sana, pichi haifai.

(b) Achunguze nyufa, mashimo na unyevu.

(c) Akague eneo la nje ya pichi, hasa njia za warushaji, kwa kuwa miguu huzama mchangani.

Madhara ya kupuuza hayo yamewahi kuonekana visiwani. Tarehe 29 Januari, 1998, mchezo wa West Indies na Uingereza ulisimamishwa Sabina Park, Jamaika, kabla ya saa moja kutimia, kwa kuwa pichi ilihatarisha wachezaji. Mwezi Februari, 2009, huko Antigua, mchezo wa timu hizo ulivunjwa baada ya mipira 10 tu. Mchanga ulikuwa mwingi mno katika njia za warushaji.

Kuhusu utunzaji, ukoka upandwe mwanzoni mwa masika na ukatwe mara kwa mara. Pichi imwagiliwe hadi maji yapenye chini, kisha ishindiliwe kwa rola ikiwa na unyevu kiasi, si tope. Mchezo ukiisha, mashimo yajazwe mfinyanzi siku hiyohiyo. Mifugo na magari yasiruhusiwe kupita.

Kiwanja kikionekana kuwa cha hatari, mchezo uahirishwe, hata kama watazamaji wamekwisha kukusanyika.