Mashine ya Mashua Inapolia

Wengi wenu mkaao kando ya maziwa na pwani mwasafiri kwa mashua zenye mashine ya kufungwa nyuma. Mwalimu huvuka nayo kwenda visiwani, mgonjwa hupelekwa nayo hospitali, na kwa wavuvi ndiyo shamba lao. Mwezi huu twataka kujifunza habari ya jambo moja dogo katika mashine hiyo, nalo ni mlio wake wa hatari. Hatukusudii kuwafanya wote kuwa mafundi. Twataka mjue mlio huo wasema nini, na yapasa kufanya nini kabla fundi hajapatikana.

Sababu ya kulichagua somo hili ni hii. Safari moja tulikuwa tukirudi kutoka kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria, watu kumi na mmoja pamoja na mtoto mchanga. Mashine ikaanza kutoa mlio mrefu usiokatika. Nahodha akainuka, akafunua kifuniko, akang'oa waya mmoja, mlio ukanyamaza, naye akaketi akisema, "Kelele tu hizi, imezoea." Nasi tulinyamaza kwa kuwa hatukujua. Haikupita nusu saa, mashine ikapungua nguvu, ikatoa harufu ya kuungua, ikasimama kabisa, wala haikukubali kuzunguka tena. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na makasia yalikuwa mawili tu. Tulifika nchi kavu usiku wa manane. Walakini mashine ile, ambayo wenyewe waliinunua kwa akiba ya miaka mitatu, haikufanya kazi tena. Fundi alipoifungua alitoa kipande cha mfuko wa plastiki kilichoziba mahali pa kuingilia maji. Kitu cha kuondolewa kwa vidole viwili!

Basi tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo asili ya vilio vingi. Gari hupozwa na maji yaliyomo katika rejeta yake, lakini mashine ya mashua huyanywa maji ya ziwa au ya bahari. Katika mguu wake, juu kidogo ya pangaboi, mna matundu kama ya kichujio. Ndani yake mna pampu, nayo ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, ambacho mafundi hukiita impela. Hicho huyasukuma maji juu, yakazunguka silinda na kulichukua joto, kisha yakatoka tena nje. Sehemu ndogo ya maji hayo hutokea katika kijitundu ubavuni mwa mashine, ikaruka kama mchirizi. Mchirizi huo ndio wa kutazamwa daima. Nahodha mwema hugeuka kuutazama mara kwa mara, kama mpishi atazamavyo moto wake.

Joto likizidi, swichi ndogo iliyofungwa karibu na silinda huunganisha umeme, na king'ora hulia. Mashine nyingine hujipunguzia mwendo zenyewe, zisikubali kwenda mbio hata ukiongeza mafuta. Hapo wengi hukosea: hudhani petroli haifiki, wakaanza kukiminya kile kibofu cha mpira cha mpira wa petroli, wakaongeza na kuongeza, kumbe mashine yenyewe yajilinda.

Mlio ukisikika, kwanza punguza mwendo mara moja, utazame mchirizi. Ukiwa karibu na miamba, au mahali pa mawimbi makubwa, waweza kwenda polepole kitambo kidogo ili ujiepushe na hatari iliyo kubwa zaidi. La sivyo zima, tia nanga, au shika makasia ili kichwa cha chombo kielekee mawimbi. Kisha inua mguu wa mashine uyatazame matundu yale. Katika Ziwa Victoria huzibwa na magugu-maji, pwani na mwani, na siku hizi kila mahali na mifuko ya plastiki na vipande vya nyavu. Ondoa uchafu, ushushe mguu, ungoje mashine ipoe. Usiimwagie maji baridi ili kuiharakisha. Chuma chenye moto mwingi kikipozwa ghafula chaweza kupasuka. Ikiisha kupoa, iwashe, uone kama mchirizi watoka.

Kama hautoki, chukua kipande cha mshipi mnene wa kuvulia ukipitishe katika kijitundu, kwa kuwa mara nyingine huzibwa na chembe ya mchanga, au nyigu wamejenga humo mashine ilipokaa siku nyingi. Ikiwa kijitundu ki wazi na maji hayaji, impela ndiyo imeharibika. Mpira wake hukauka na kukatika. Tena ukiiwasha mashine nchi kavu, pasipo maji, huharibika upesi sana. Atakayeibadili na akumbuke kuvitafuta vipande vilivyokatika, maana hupanda na maji na kuziba njia za juu, na hapo impela mpya haitafaa kitu.

Tena msidanganyike. Katika mashine nyingi maji ya mchirizi hutoka kabla ya kupita katika thamostati, yaani kilango kifunguliwacho na joto. Kwa hiyo mchirizi waweza kutoka vizuri, na huku silinda zaungua kwa kuwa kilango kimeganda kwa chumvi. Kukijaribu si kazi ngumu: kitoe, ukining'inize kwa uzi katika sufuria ya maji, uyapashe moto. Katika mashine nyingi hufunguka joto likifika kati ya digrii 50 na 60. Maji yakichemka na kilango kingali kimefungwa, kitupe.

Sababu ya pili ni oili. Hapa yapasa kujua mashine yako ni ya namna gani. Mashine ya mapigo manne ina oili yake chini kama gari, na king'ora chake hulia oili isiposukumwa ya kutosha. Hiyo izimwe pale pale, wala isijaribiwe hata kidogo, mpaka umechomoa kijiti cha kupimia na kuongeza palipopungua. Kama oili imejaa nayo yazidi kulia, vuta makasia. Mashine ya mapigo mawili yenye tangi la oili la peke yake hulia tangi likikaribia kwisha. Mara nyingi kuongeza kwatosha, ila boya lililomo tangini laweza kukwama. Mashine ndogo nyingi, ambazo oili yake huchanganywa katika petroli kwa mkono, hazina king'ora cho chote. Wenye hizo hawana mlinzi illa macho yao.

Watengenezaji hawakupatana juu ya milio. Mmoja huweka mlio mrefu kuwa joto na wa kukatika-katika kuwa oili. Mwingine hutumia mlio ule ule kwa yote mawili, akaongeza taa. Kwa hiyo kitabu kilichokuja na mashine kisifungiwe vitumbua. Asiyesoma Kiingereza na asomewe ukurasa ule mmoja, auandike kwa Kiswahili chini ya kifuniko.

Je, king'ora hakisemi uongo kamwe? Husema, lakini si mara nyingi. Waya ukichubuka na kugusa chuma, hulia pasipo joto. Zima mashine, udondoshe tone moja la maji juu ya silinda: likichemka papo hapo, joto ni la kweli. Kama chuma ni vuguvugu tu, oili imo na mchirizi u mzima, washa tena uchomoe waya kwenye swichi ya joto. King'ora kikizidi kulia, kosa la weza kuwa katika waya. Kikinyamaza, swichi ndiyo yenye shaka. Lakini urudishe waya mahali pake, uende polepole mpaka kwa fundi.

Nahodha yule hakufanya jaribio hili, wala hakuurudisha waya.

Neno la mwisho ni kwa wasafiri. Mashine nyingi zenye ufunguo hulia kidogo ufunguo ugeuzwapo, kabla ya kuwaka, ili kuonyesha kwamba king'ora ki hai. Usiposikia kitu, muulize nahodha mngali ufuoni, umwulize na makasia ni mangapi.